Kuku Aliyefika Bila Firigisi

Guangzhou, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya katoni ya makufuli. Kalamu ni ya godauni na karatasi ni ya godauni, lakini salamu ni zangu mwenyewe. Mimi mzima. Lile jino nililokulilia kwenye simu waliling'oa, na tumbo limetulia. Sasa niambie habari zako. Goti linakuruhusu kupanda hadi kanisani, au bado unawatuma watoto wa dada Masika wakupelekee sadaka? Mvua imeacha kuozesha kabichi? Na ndege zinazotua hapo Rughenda, bado zinawatia kuku wako wazimu? Masika aliniambia kwamba yule jogoo mwekundu amezoea sasa, ndege ikipita anainua kichwa tu na kuendelea kula. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza kuna nini, nikashindwa kueleza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, Mama, unaiweka sauti ya nje, na ukishaiweka hivyo parcelle nzima, majirani wote wa uani, inajua habari zangu kabla wewe hujazisikia. Mama Kyakimwa wa mlango wa pili aliwahi kunijibu kabla yako. Habari ninayokuletea leo ni ya posa, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba habari ya posa haitupwi dirishani.

Anayekuletea barua hii ni Papa Kasereka, baba yake Kavira. Ndiyo, ni yeye huyo huyo utakayemkuta humu ndani kila mstari. Bahasha nimeizungushia skochi, ule utepe wa kufungia katoni, mara tatu. Ukikuta skochi imekatwa, ujue amesoma, na umkaribishe hivyo hivyo.

Unakumbuka mambo yalipoishia. Mjomba Paluku alipovuka mji kwenda kwao Kimemi kuniombea Kavira, walimpokea vizuri, wakampa kiti chenye mto, wakampikia kuku. Aliporudi Rughenda ulimuuliza neno moja tu: kuku wangapi? Akasema mmoja. Masika aliniambia kwamba ulivua kitambaa cha kichwa ukakaa chini. Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Kuku mmoja ni wa mgeni: firigisi anapewa mgeni, mwenye nyumba anakula paja, na kila mtu anabaki kwake. Watu wakishakubaliana kuwa wakwe ndipo wanachinjwa kuku wawili, ili wazee wa pande mbili kila mmoja apate firigisi yake na asiwepo mkubwa kuliko mwenzake. Mjomba alikula firigisi ile peke yake, tena kwa huzuni. Na jibu alilorudi nalo ni kwamba Papa Kasereka anakwenda China kununua mali, ataniona kwa macho yake, ndipo atasema.

Basi alikuja. Kazi yangu unaijua, ni kuwasindikiza wafanyabiashara wa kwetu sokoni, kuwatafsiria, kisha kufunga mizigo yao godauni mpaka kontena lijae. Nimeshawasindikiza wengi, lakini huyu hakuna wa kumlinganisha naye. Ni mtu mfupi, mwenye koti la kahawia ambalo halivui hata kwenye joto hili linaloyeyusha gundi. Macho yake hayaamini. Kila kitu anakigonga kwa kifundo cha kidole cha kati, kisha anainamisha kichwa asikilize. Amegonga vigae, amegonga mabeseni, amegonga tairi za pikipiki na milango ya chuma. Sauti isipompendeza anasema "hapana" na tunaondoka, na mwenye duka anatufuata nje na bei mpya. Siku ya kwanza, uwanja wa ndege, alinigonga begani mara moja, akainamisha kichwa, akachukua begi lake. Mimi nilibaki na bega langu nikijiuliza limetoa sauti gani.

Siku nne tulizunguka. Nilimtafsiria, nilimbebea sampuli, nilimtafutia dawa ya miguu. Kuhusu Kavira hakutamka hata herufi moja. Nami nilikuwa na sauti yako masikioni, maana ulinipigia mara tatu na neno lako lilikuwa lile lile: "Kambale, usimupeleke fasi ya ovyo. Ule ni mutu mukubwa. Mutu mukubwa anakulaka fasi ya bakubwa."

Sasa mimi ninapokula kila siku ni kwa Tantine Chen. Ni kibanda cha meza sita nyuma ya godauni, viti vya plastiki, kitambaa cha meza cha nailoni. Mwenyewe ni mama wa umri wako, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na sisi Wakongo wote tunamwita Tantine, yaani shangazi. Ni fasi ya ovyo kabisa, kama ulivyosema. Siku zote nne nilimpitisha Papa Kasereka njia ndefu, tukizunguka jengo zima kwenye jua, ili asione mkwe wake mtarajiwa anakula wapi. Aliniuliza mara moja kwa nini hatupiti huku nyuma. Nikamwambia kuna mbwa.

Nikatafuta mahali pa wakubwa. Wenzangu waliniambia iko hoteli ya kula mapishi ya Ulaya, ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu upande wa mto, na kwamba bila kuweka nafasi mapema hawakupokei. Niliweka nafasi. Nilinyoa. Nilipiga pasi suruali ile uliyonishonea. Na Jumamosi, saa sita mchana, tukapanda lifti iliyotuziba masikio. Papa Kasereka aligonga ukuta wa lifti, akaridhika.

Tulikalishwa dirishani. Akaja mhudumu, bwana mwenye mvi na glovu nyeupe, akatupa kila mtu kitabu cha vyakula kilichoandikwa Kichina na Kifaransa. Papa Kasereka alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akarudi, akaangalia nyuma ya kitabu.

"Kambale. Bei iko wapi?"

"Papa, mu kitabu ya mugeni habaandikake bei. Iko mu ya kwangu tu."

"Sasa miye nitachagula namna gani?" Akafunga kitabu. "Mutu akiweka mali bila bei, ni kusema anangoja tuanze. Muambie bwana aseme ya mwisho."

Mama, pale hata sauti ya kijiko ilikuwa inasikika. Nikamgeukia mhudumu, nikamwambia kwa Kichina kwamba tunaomba dakika chache za kuchagua. Akainama, akaenda. Nikamwambia Papa Kasereka kwamba bwana amekataa kupunguza. Akamsindikiza mhudumu kwa macho kwa muda mrefu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza pale juu.

Akachagua kuku, maana waliandika kwamba ni kuku wa shambani, na kuku wa shambani ni kitu anachokijua. Nami nikachagua kuku, ili nisile kikubwa kuliko chake.

Kwanza wakaleta kijiko. Kijiko kimoja kwa kila mtu, juu yake kitu cha kijani kinachotetemeka. Papa Kasereka ni mzee wa kanisa, unajua mwenyewe, hawezi kutia kitu mdomoni bila maombi. Akasimama, akafunga koti, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa safari, akaombea kontena lake lifike Mombasa, akaombea mji wetu wa Butembo, akaombea watu wa Beni waliokimbia vita na kuacha mashamba yao warudi wavune wenyewe, hata mimi nilisahau tuko wapi. Watu wa meza za jirani waliweka uma chini. Akasema amina, akakaa, akameza kile kitu cha kijani, akafuta mdomo na kungoja.

"Njo yote?"

"Hapana, Papa. Chakula kingali kinakuja."

"Basi ile maombi nilifanyia nini?"

Ikaja sahani ya pili, vipande vitatu vya mboga nyekundu vyembamba kiasi cha kusoma gazeti kupitia kwavyo. Akasimama, akaomba tena, kwa ufupi. Ikaja ya tatu, supu ndani ya kikombe cha kahawa. Mhudumu mwenyewe alishazoea, akaiweka, akakunja mikono na kuinamisha kichwa. Papa Kasereka alimwangalia, akahurumia. "Muambie aende tu. Mungu ameshasikia."

Ndipo akaja kuku. Sahani ilikuwa pana kama beseni la kuogea mtoto. Katikati yake kulikuwa na kipande cha kifua, bila mfupa, bila ngozi, ukubwa wa sabuni inayobaki mwisho wa wiki. Pembeni matone matatu ya mchuzi, na jani moja. Papa Kasereka aligeuza kipande kwa uma. Akainua jani, akaangalia chini yake. Akarudisha jani.

"Firigisi iko wapi?"

Mama, tangu nipange siku ile, nilifikiria suruali, nilifikiria dirisha, nilifikiria nafasi. Firigisi sikuifikiria. Nimezaliwa nyumbani kwako, nimekuona ukimwandalia mgeni kuku mzima na kichwa chake na miguu yake, ili aone kwamba hakuna aliyemtangulia, kisha firigisi unaiweka juu kabisa. Na nikamleta baba yake Kavira mpaka mbinguni nikampa kuku ambaye hana hata mgongo.

Nikamuuliza mhudumu. Akanijibu kwa upole kwamba hapa firigisi hawapiki kabisa, kuku wao wanafika wamekwisha kusafishwa.

"Anasema nini?"

Hapo ningesema kweli, barua hii ingekuwa fupi. Lakini nilimwona amekaa na koti lake la kanisani, nikasema: "Anasema ingali mu moto, Papa. Firigisi inakawiaka kuiva."

"Ni kweli," akasema. "Inakawiaka." Akaweka uma chini, akakunja mikono. "Tungoje."

Tukangoja. Hakugusa kuku, kwa hiyo nami sikugusa. Mchuzi ukafanya ngozi. Jani likalala. Mhudumu akaja kuondoa sahani akidhani tumeshindwa, Papa Kasereka akaifunika kwa kiganja. "Muambie tunangoja." Nikamwambia mhudumu kwamba mzee anapumzisha tumbo. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Mimi nilikuwa natoa jasho chini ya ile suruali yako na kumwomba Mungu alete hata moto mdogo jikoni, bila kuumiza mtu.

Aliyeletwa ni mpishi mkuu. Mfaransa mrefu, kofia mkononi, uso umejaa wasiwasi. Akaanza na Kichina kibovu, Papa Kasereka akamjibu kwa Kifaransa kizuri cha shule ya misheni, na mpishi akafurahi kama mtu aliyekuta ndugu. Mimi nikajua nimekwisha. Kwa lugha ile hakuna aliyenihitaji tena.

Papa Kasereka alimweleza kwamba hakuna shida yoyote, chakula ni kisafi, sisi tunangoja firigisi tu kama tulivyoambiwa. Mpishi akauliza firigisi gani. Papa Kasereka akasema ile iliyo motoni. Mpishi akasema hakuna firigisi motoni, bwana, wala humu ndani haijawahi kuingia.

Papa Kasereka hakunitazama. Akamwambia mpishi, taratibu, kwamba yeye ni mfanyabiashara, na mzigo ukifika umefunguliwa mtu haupokei mpaka ajue nani aliufungua njiani na alitoa nini. Kuku huyu amefunguliwa njiani. Kuna mtu amekula firigisi yake, akala miguu, akala mgongo, akakutumia wewe masalio, na wewe unalipa kuku mzima. Akamshauri amwandikie anayemletea na kudai. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho, akaahidi kwamba atauliza, akatuletea zawadi ya kuomba msamaha: povu jeupe juu ya jiwe jeusi. Papa Kasereka aligonga jiwe. Lilikuwa jiwe kweli.

"Tutoke," akasema.

Nililipa. Bei sitakuandikia, una presha.

Tukapanda treni. Alikaa na mikono magotini na hakugonga chochote, hata kile kiti kipya cha bati. Tumbo lake lilinguruma mara mbili, langu likajibu. Nilikuwa nafikiria nitakuambia nini. Nilimfikiria Kavira anavyoimba sauti ya pili kwenye kwaya, macho yamefungwa, na kwamba nimempoteza kwa ajili ya firigisi, na si kwa firigisi bali kwa uongo, na uongo wenyewe wa kijinga. Nilitaka kusema samahani, lakini kila nilipofungua mdomo treni ilitangaza kituo.

Tulipofika kwetu, miguu yangu ilikuwa imechoka akili. Ikapita njia yake ya kila siku, ile ya nyuma. Nilipokumbuka tulikuwa tumeshafika mbele ya kibanda, na Tantine Chen ameshaniona, ameshapaza sauti kuuliza kwa nini jana sikuja kula.

Papa Kasereka akasimama. Hakumwangalia Tantine, aliangalia ubao wake wa kukatia. Juu ya ubao kulikuwa na kuku aliyechemshwa. Mzima, Mama. Kichwa chake, kilemba chake, miguu yake miwili imekunjwa chini kama alivyolala mwenyewe.

"Mbwa iko wapi?" akaniuliza.

"Haiko, Papa."

"Haiko tangu lini?"

"Haikuwakaka hata siku moja."

Akavuta kiti cha plastiki, akagonga meza, akasikiliza, akakaa. "Muulize huyu mama kama hii kuku ilifunguliwa."

Nikamuuliza Tantine kama ana firigisi ya kuku yule. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama ana miguu. Akakata kuku pale pale juu ya gogo, kwa panga, mifupa na yote, akampanga sahanini upya kama alivyokuwa, kichwa kikimtazama mzee. Halafu akachota kwenye chungu, akaweka firigisi juu kabisa. Mama, ni kama alifundishwa na wewe. Ndani ya nchi hii kubwa mahali pa kumkaribisha Papa Kasereka palikuwa hatua arobaini kutoka kitandani pangu, nami nilimpitisha juani siku nne asipaone.

Akasimama, akaomba mara ya tatu. Safari hii alimaliza upesi. Lakini hakula. Akanyoosha kidole kwa Tantine.

"Huyu mama anakujua?"

"Ananijua, Papa. Miaka miwili."

"Muulize wewe ni mutu ya namna gani."

Akaendelea, polepole, bila kupandisha sauti: "Kule juu ulinidanganya. Miye sijue Kichina, mais najua biashara. Mutu akiambiwa apunguze bei anakunjaka uso. Ule bwana wa glovu hakukunja. Donc hukumuambia. Na ya firigisi nayo. Sasa hapa hakuna Mufaransa. Kati ya miye na huyu mama iko wewe tu. Muulize."

Kazi yangu ni kutafsiri, lakini sikuwahi kutafsiri mtu akinisema mimi mwenyewe usoni. Nikamweleza Tantine kwamba huyu ni baba wa msichana ninayetaka kumwoa, anataka kujua tabia yangu. Tantine alifuta mikono kwenye aproni, akaburuta kiti, akakaa. Alianza na hakusimama.

"Anasema ninakula sana," nikamwambia Papa Kasereka.

"Amesema maneno mingi kuliko ile."

"Anasema ninakula sana, na kila siku ninalalamikia chumvi, na hakuna siku niliwahi kuiacha sahani na kitu. Anasema Jumapili ninaimba nyimbo za kanisa nikimsaidia kuosha vyombo, na sauti yangu ni mbaya, wateja wawili walihama."

"Endelea."

"Anasema sinywi. Anasema siku moja nililala juu ya hii meza mpaka akaninyunyizia maji."

Tantine akaongeza kitu, akinielekezea kijiko. Hicho sikukitafsiri. Papa Kasereka akainamisha kichwa, vile vile anavyosikiliza kigae.

"Na ile?"

Mama, ile nilikuwa sijakuambia hata wewe. Ni mwaka jana, zile siku tatu mtandao wa Butembo ulipokatika, na huku kwenye simu za watu zinapita habari mbaya za barabara ya Beni, na najua Masika yuko barabarani na maharagwe yake. Nilikupigia sijui mara ngapi. Nilikuja kwa Tantine kwa sababu sikujua pa kwenda. Aliniwekea bakuli la tambi.

"Anasema nililia hapa," nikasema. "Anasema nililia ndani ya tambi zake kama mtoto, nikimuita mama yangu, siku mbili. Na kwamba siku ya tatu simu ilipoita, nilimkumbatia yeye na mwenye duka la matairi."

Papa Kasereka akasogeza sahani. Akamwangalia Tantine, akaniangalia mimi, nami nikainama nikajifanya machozi ni ya pilipili. Akaomba kisu. Tantine akampa lile panga, hana kingine. Akaweka firigisi mezani, akaikata katikati, nusu akala yeye, nusu akaiweka kwenye bakuli langu.

Unajua, Mama, tangu nizaliwe ni mtu mmoja tu aliyewahi kunikatia firigisi. Ni marehemu Baba, siku matokeo ya examen d'État, ule mtihani wa mwisho wa shule, yalipotoka na jina langu likasomwa redioni. Ulisimama mlangoni na sufuria mkononi, ukamwambia "weye, ile si ya batoto", naye akasema leo nyumba hii ina wanaume wawili. Papa Kasereka hayo hayajui, hakuna aliyemwambia. Nilikula nusu yangu yote. Tantine aliniletea maji.

Kuku tulimmaliza, hata kichwa. Papa Kasereka alikula mpaka akalegeza mkanda, akamwambia Tantine kwa Kiswahili kwamba kwake wanajua kukaribisha mgeni, na Tantine akajibu kwa Kichina kwamba anakula vizuri kwa umri wake. Hapo sikuombwa kutafsiri. Tulipoinuka nikajikaza, nikamuuliza. Nikasema Papa, na ile jibu ya Mjomba Paluku?

"Jibu ni ya bazazi, ya bakubwa," akasema. "Hapana ya mutoto. Nikifika nitajua kwenye nitaipeleka."

Basi hivyo ndivyo nilivyo, Mama, nimeshiba na sijui. Ndege yake inaondoka kesho. Atashukia Entebbe, atapita Kasindi na Beni, na Mungu akimlinda barabarani atakuletea mwenyewe bahasha hii. Mwangalie uso akikupa. Wewe unajua kusoma nyuso kuliko mimi.

Nisalimie Mjomba Paluku, mshenga wangu, mwambie viatu vyake viko ndani ya kontena, namba ile aliyotaka. Msalimie dada Masika, mwambie asisafiri na maharagwe bila kunijulisha, na watoto wake uwaambie shangazi yao wa China anaitwa Chen. Mama Kyakimwa msalimie pia, maana najua atasoma. Mchungaji mwambie nimeanza kutoa fungu la kumi hapa, asinisahau huko. Kavira simsalimii kwenye karatasi, si desturi kabla ya jibu, lakini ukimkuta kwaya mshike mkono kidogo zaidi kuliko wengine.

Ulinde goti.

Ni mimi mwanao,
Kambale

N.B. Skochi ukiikuta imekatwa, ni mimi niliyeikata. Nilikuwa nimeshafunga, Papa Kasereka akapita godauni kuchukua barua. Aliigonga bahasha kwa kifundo. Halafu akanigonga mimi, kifuani safari hii, mara mbili, akainamisha kichwa. "Haina mupasuko," akasema. Akaniuliza kama mama yangu anafuga kuku. Nikasema anafuga, kama kumi na mbili, ila siku hizi anawapenda, kuchinja kunamshinda. Akatia barua ndani ya koti la kahawia.

"Ifungue tena," akasema, akaitoa. "Andika kusema nitafika kwake na bandugu yangu, na Paluku akuwe pale. Andika achinje mbili."

Mama, najua kuwachinja kutakuuma. Mwache jogoo mwekundu.